Mswada Usiwe wa Mjumbe Peke Yake

Kufutwa kwa Kifungu 2A mwaka 1991 kulitupa haki ya kuchagua chama. Haki ya kuleta mswada ingali nusu. Kifungu 257 cha Katiba ya 2010 kinawaruhusu wapiga kura 1,000,000 kuanzisha mswada wa kurekebisha Katiba yenyewe. Bali mama muuza omena wa Dunga akitaka sheria ya masoko ya Kisumu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa ombi tu. Mswada huletwa na mjumbe au kamati ya Bunge la Kaunti. Aliyeaminiwa kubwa ananyimwaje dogo? Makanisa na vikundi vyetu vidai saini za wapiga kura zitoshe kuufikisha mswada bungeni, wajumbe waupigie kura hadharani.