Tamthilia za kihistoria za Uingereza na Kiswahili chetu: nani huulizwa?

Stanmore, kituo cha mwisho cha reli ya Jubilee kaskazini magharibi ya London, si mahali pageni kwa wasomaji wetu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Hapa, katika barabara ya Wood Lane, ndipo yalipo makao ya shirikisho la dunia la Makhoja Ithnaasheri, na wazee wengi wanaokutana hapo wamezaliwa Afrika Mashariki. Maili chache kutoka hapo, mjini Borehamwood, zimo studio za Elstree, ambako ilitengenezwa sehemu kubwa ya The Crown, tamthilia ya maisha ya Malkia Elizabeth iliyoonyeshwa na Netflix kuanzia Novemba 2016 hadi Disemba 2023. Ujirani huo ndio uliotusukuma kulitazama suala ambalo wengi hulichukulia kuwa ni burudani tu.

Waigizaji wa The Crown hawakuachiwa wabahatishe. Alikuwapo mkufunzi wa lafudhi, William Conacher, aliyewafunza namna watu wa jumba la kifalme walivyotamka maneno miaka ya 1950, matamshi ambayo Malkia mwenyewe aliyabadilisha kadiri alivyozeeka. Baadaye akaja Polly Bennett, mkufunzi wa mwendo: vipi mtu wa namna ile huketi, hushika mkoba, huinamisha shingo. Nyuma yao walikuwapo watafiti na mwanahistoria Robert Lacey. Kwa hakika kazi hiyo ilionekana, na Claire Foy aliyekuwa Malkia kijana alistahiki sifa alizopewa.

Lakini tuitazame sehemu ya pili ya msimu wa kwanza. Hapo Elizabeth yuko Kenya, Februari 1952, katika hoteli ya Treetops karibu na Nyeri, na baba yake anafariki dunia Sandringham, Uingereza. Miezi minane baadaye, Oktoba mwaka huohuo, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na mwaka 1954 Treetops ikachomwa moto na wapiganaji wa Mau Mau. Kenya hiyo ya televisheni ilipigwa picha Afrika Kusini. Hilo si kosa jipya. Mwaka 1998 tamthilia ya Heat of the Sun, iliyohusu polisi wa Nairobi ya miaka ya 1930, ilitengenezwa Zimbabwe. Gharama na vibali vina sababu zake, tunakubali. Ila utaona kwamba uangalifu wote ulioelekezwa kwenye irabu za mtu mmoja haukuvuka kufika kwa mpishi, askari au mzee wa kijiji aliyesimama pembeni. Huyo kazi yake ni kuwapo tu.

Yuko aliyefanya kinyume, ingawa katika filamu na si televisheni. Forest Whitaker, Mmarekani mzaliwa wa Texas, alipopewa nafasi ya Idi Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, alikwenda Uganda, akajifunza Kiswahili, akajifunza kupiga kodiani, akakaa na ndugu zake Amin na watu waliomtumikia. Kiswahili hakikuwa pambo. Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946 kama msaidizi wa jikoni, na lugha ya jeshi lile ilikuwa Kiswahili. Anayetaka kuelewa alivyoamrisha na alivyotania hana budi kupitia hapo. Mwaka 2007 Whitaker akapata Oscar. Ni haki kukumbusha, hata hivyo, kwamba Mkenya Joseph Olita, aliyefariki mwaka 2014, aliigiza Amin miaka 25 kabla yake, na tena katika Mississippi Masala ya Mira Nair mwaka 1991. Olita hakuhitaji mkufunzi wa Kiswahili, wala hakuna aliyemfikiria kwa Oscar.

Tunarudi Stanmore. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Zaidi ya 27,000 walikuja Uingereza, wengi wakapitia kambi za zamani za jeshi kabla ya kupata makazi Leicester, Harrow na kwingineko. Ikiwa kesho kampuni ya Uingereza itaamua kutengeneza tamthilia juu ya siku hizo 90, mwigizaji ataandaliwa vipi? Tunachohofia ni kwamba ataletwa kijana mwenye sura ya Kihindi, afunzwe lafudhi ya Bombay, na mambo yaishie hapo. Mkhoja wa Kampala au wa Unguja si mtu wa Bombay. Nyumbani alisema Kikachi, shuleni Kigujarati na Kiingereza, na dukani Kiswahili. Na Kiswahili cha Muhindi wa Unguja si kile cha Muhindi wa Kampala. Alipima kitambaa kwa yadi huku akibishana bei, akajua nani wa kumwita bwana na nani wa kumwita mama. Mambo hayo hayamo katika nyaraka za serikali. Yamo vinywani mwa watu.

Mfano wa kuwauliza watu wenyewe uko papo hapo Stanmore. Bentley Priory ilikuwa makao makuu ya ndege za kivita za Uingereza mwaka 1940, chini ya Hugh Dowding. Filamu ya Battle of Britain ilipotengenezwa, ikatoka mwaka 1969, Laurence Olivier alimwigiza Dowding ndani ya jengo lilelile, na Dowding mwenyewe, mzee wa miaka 80 na ushei katika kiti cha magurudumu, aliletwa kutazama upigaji picha. Alifariki mwaka 1970. Wangechelewa kidogo tu wasingempata.

Nyumbani wamekwishaanza. Mwaka 2021 Amil Shivji alionyesha mjini Toronto filamu yake ya Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, yenye Zanzibar ya miaka ya 1950 na binti wa Kihindi anayezungumza Kiswahili kama lugha yake, bila kuombewa radhi. Ni filamu ya fedha chache kulinganisha na zile za Elstree, na tumesikia wakosoaji wakilalamika kwamba inakwenda polepole. Labda. Lakini masikio yetu hayakushtuka hata mara moja.

Aliyekuwa na miaka 20 Kampala mwaka 1972 sasa amepita 70. Kutoka studio za Elstree hadi Wood Lane ni mwendo mfupi kwa gari, na wazee hao, kwa tunavyowajua, wakiulizwa hawanyamazi.