Mgonjwa Ana Haki ya Kuujua Ugonjwa Wake



Juma hili tulizungumze jambo ambalo nyumba nyingi za Garsen, Ngao na Kipini hulinong'ona jikoni, mwenyewe akiwa amelala chumbani. Mama amepelekwa Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Garsen. Amepimwa, kisha daktari amemwita mwanawe kando na kumweleza kuwa ni saratani ya umio, nayo imekwisha kutambaa. Kijana arudi kwa mamake na neno moja: "Ni vidonda vya tumbo tu, utapona inshaallah." Tangu siku hiyo nyumba nzima huishi kwa kujifanya. Shangazi aliye Hola ajua, majirani wajua, hata kijana wa bodaboda ajua. Asiyeambiwa ni mwenye mwili.

Wafanyao hivyo husukumwa na huruma, wala sitawalaumu kwa huruma yao. Huchelea kwamba habari itamuua kabla ya maradhi. Lakini mgonjwa huyu si mtoto. Saratani ya umio haijifichi: kwanza ugali hukwama, halafu wali, halafu ndizi zilizopondwa, mpaka hata uji humezwa kwa taabu. Aonaye hayo kooni mwake hahitaji cheti cha daktari. Aghalabu ameshafahamu, naye hunyamaza ili asiwatie simanzi wanawe, kama wao wanavyonyamaza kwa ajili yake. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi waumbuliwao ni jamaa.

Zaidi ya hayo ipo hasara nyingine. Dini yetu imemwachia mtu aliye hai kazi ambazo hapana mwingine awezaye kumfanyia. Wasia wake ni wake, nao hauzidi theluthi ya mali, wala mrithi hausiwi. Madeni yake ayajua yeye: dukani, katika chama cha kina mama, kwa dada aliyemwazima kitenge miaka mitano iliyopita. Zipo saumu anazodaiwa, na zipo radhi za kuombwa na za kutolewa. Mtu aliyeambiwa ana vidonda vya tumbo atayaharakia vipi haya?

Hapa nitaje mahari, kwa kuwa twayasahau makusudi. Mume aliyebakisha mahari ana deni kwa mkewe, na mke akifa, deni hilo huingia katika mirathi. Baadhi ya jamaa humwendea mgonjwa kitandani wakamtaka asamehe "ili mambo yawe mepesi". Asishinikizwe. Wanazuoni wameuhesabu msamaha wa namna hiyo katika maradhi ya mauti kuwa mfano wa wasia kwa mrithi, usiopita ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Mwiteni sheikh wenu mapema, angali na akili timamu.

Je, aambiwe vipi? Si ndani ya basi, wala si mbele ya watu kumi. Akae naye mtu mmoja amwaminiye, azungumze kwa lugha ya nyumbani, kiwe Kipokomo, Kiorma au Kiswahili, na aanze kwa kumuuliza: wewe waonaje hali yako, na wapenda kuelezwa kiasi gani? Wako wasiotaka kujua yote, na hiyo pia ni haki yao. Msimtajie idadi ya miezi. Daktari hukisia, ajali ajuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Maumivu nayo yataka neno. Ipo dawa ya mofini ya maji, ambayo Shirika la Afya Duniani limeihesabu miongoni mwa dawa za lazima. Hunywewa kwa kipimo kila baada ya saa 4, ikianza kidogo na kuongezwa kadiri ya uchungu. Wengi wetu huikataa kwa kudhani ni ulevi. Mafakihi wameruhusu dawa ya namna hii kwa haja ya tiba, na mgonjwa apewaye kwa kipimo cha daktari hageuki teja, wala kipimo hicho hakiharakishi kifo. Hufunga choo, basi mwombeni daktari dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza, na iwekeni mbali na watoto. Huduma hii ya kutuliza huitwa tiba shufaa. Mombasa iko hospisi ya Pwani iitoayo. Uganda, tangu mwaka 2004, wauguzi waliofunzwa maalumu huruhusiwa kuiandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asimngoje daktari wa mjini. Natamani nasi wa Tana tuwe na hilo.

Mvua pia ina hesabu yake. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Lango la Simba. Aliye na mgonjwa asingoje chupa ikauke ndipo atafute gari. Kabla ya masika na vuli, mweleze daktari mnakoishi, awape akiba.

Katika ibada, mgonjwa asijione ametupwa. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza sahaba Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa kulala ubavu. Maji yakimdhuru, atayamamu. Ramadhani ikimkuta hana tamaa ya kupona, hutoa kibaba cha chakula kwa maskini kila siku asiyofunga. Alilala usingizini kwa dawa, akipita wakati, huilipa sala yake aamkapo, bila ya kukaripiwa na mtu.

Mwisho ni huyu amuuguzaye, ambaye takriban siku zote ni binti au mkwe. Yeye ndiye afuaye shuka, apondaye ndizi, aamkaye saa nane za usiku, kisha asubuhi huulizwa mbona chai imechelewa. Kina kaka, mumewe mgonjwa ndiye aliye halali zaidi kumwosha na kumgeuza, kwa kuwa baina yao hapana sitara ya kuogopwa. Kumwachia binti wa miaka 14 kazi hiyo, akaacha shule, ni dhuluma inayovaa kanzu ya ada. Gawaneni zamu: mmoja usiku, mmoja sokoni, mmoja amsomee Kurani. Nao wanaokuja kumjulia hali wakae kidogo, wasimhadithie marehemu wao waliokufa kwa ugonjwa huo huo, na wakija na kitu, waje na maziwa au embe bivu, si soda na biskuti asizoweza kumeza.

Toleo lijalo, inshaallah, tutaeleza namna ya kuandika wasia kwa mashahidi wawili, pamoja na maswali mliyoyatuma kuhusu eda ya mjane anayefanya kazi shambani.