Mlinzi Asiitikie Kila Mwito

Katika shule na vyuo vingi, kompyuta moja hupewa kazi ya kuzihudumia nyingine, na ndani yake huwekwa programu ya uangalizi. Programu hiyo hungoja maswali: mashine ina kazi kiasi gani? Nafasi ya kuhifadhia imebaki kiasi gani? Utaratibu mmoja wa kuuliza na kujibu utumikao sana ni SNMP, uliotangazwa mwaka 1988, na maswali yake hupokewa katika mlango namba 161.

Jambo la kutafakari ni hili: mlinzi huyo amsikilize nani? Kompyuta yaweza kuwa na anwani kadhaa: ya ndani, kwa mfano 10.0.0.5, ya nje, inayofikiwa na dunia nzima, na 127.0.0.1, ambayo kwayo hujisemesha yenyewe. Programu ikiandikiwa 0.0.0.0, husikiliza katika anwani zote. Wako mafundi waachao hivyo ili kazi iende upesi. Kwa maoni yangu, huo ni uzembe.

Hasara ni mbili. Kwanza, matoleo ya 1 na 2 ya SNMP hupeleka neno la kuingilia likiwa wazi, na mara nyingi neno hilo huwa "public", ambalo kila mdukuzi analijua. Pili, mhalifu aweza kuuliza swali fupi huku akighushi anwani ya mwingine. Majibu marefu yakamfurikia huyo asiye na hatia. Tarehe 28 Februari 2018 tovuti ya GitHub ilishambuliwa kwa njia hiyo, kwa mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde. Silaha iliyotumika ilikuwa memcached, programu ya kuhifadhi data kwa muda, wala si ya uangalizi. Lakini kosa lilikuwa lile lile la kumsikiliza kila apitaye.

Wako wasemao kwamba ukuta wa moto, yaani kichujio cha mawasiliano, watosha. Ukuta ni mwema, lakini kanuni zake hubadilishwa, na huenda siku moja pakaachwa ufa. Siku hiyo, anwani isiyosikilizwa haina wa kuitika. Basi programu na iandikiwe anwani ya ndani peke yake, nayo iwe ya kudumu, kwani ikibadilika huduma yaweza kushindwa kuanza.

Wanafunzi wenye kompyuta ya Linux na waandike amri ss -lun mbele ya mwalimu wao, wasome anwani iliyotangulia namba 161. Wakikuta 0.0.0.0, wana haki ya kuuliza: kwa nini?