Nyumba Mpya na Wapangaji Wasiolipa Kodi

Mwezi uliopita tulikwenda Chamazi, wilayani Temeke, kumpongeza ndugu yetu aliyehamia nyumba yake baada ya kuijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa. Dua ikasomwa, ubani ukafukizwa, pilau ikaliwa. Tulipokuwa tukiaga, mama mwenye nyumba alituonyesha chupa ya soda. Ndani yake mlikuwa na dawa ya mchwa, nyeupe mithili ya maziwa, iliyonunuliwa kwa kipimo, bila karatasi wala jina. Asubuhi ile alikuwa amemkuta mjukuu wake wa miaka mitatu ameitoa uvunguni mwa kitanda, anahangaika kufungua kifuniko. Alitusimulia huku akicheka, lakini mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Tumeona tusiliache jambo hili likapita. Wengi wetu tunahamia pembezoni mwa jiji: Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Viwanja hivyo juzi tu vilikuwa mashamba ya mikorosho, minazi na mihogo. Mchwa, panya na siafu hawakutuvamia. Sisi ndio tuliowakuta. Rai yetu ya wiki hii ni moja: sumu iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Kila kiumbe aingiaye nyumbani hufuata chakula, maji au maficho. Akinyimwa hivyo vitatu, kazi itakayobakia kwa dawa ni ndogo.

Tuanze na mchwa. Chakula chake ni mti, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaomwandalia. Visiki vya mikorosho hufukiwa chini ya kifusi, na vipande vya mbao za fundi huachwa ndani ya msingi. Anayejenga sasa ang'oe visiki vyote, aondoe kila kipande cha mbao, na udongo utiwe dawa na mtu mwenye ujuzi kabla ya kumwaga jamvi. Mbao za kenchi zinunuliwe zilizokwisha kutiwa dawa. Oili chafu wanayopaka mafundi hubakia juu juu, haipenyi ndani ya mbao. Aliyekwisha kuhamia asiegemeze kuni wala mbao ukutani, na udongo wa bustani usipande kufikia usawa wa sakafu. Akiona kijia cha udongo ukutani, akikwangue, kisha arudi kukitazama baada ya siku chache. Kikijengwa tena, ajue mchwa bado wapo, na amwite mtaalamu.

Wa pili ni mbu, na huyu huondoka na roho za watu. Mwaka 2014 jiji letu lilikumbwa na homa ya dengue, na Kinondoni ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi zaidi. Mwaka 2019 ugonjwa huo ukarejea. Mbu wake ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hupenda maji safi yaliyotuama karibu na watu. Chandarua, ambacho ni kinga yetu kubwa dhidi ya malaria, hakiwezi kumzuia mbu anayetuuma tukiwa sebuleni saa nne asubuhi. Sasa tutazame ua wa nyumba mpya: pipa la maji ya kumwagilia kuta, ndoo ya fundi iliyosahauliwa, tairi kuukuu, vifuu vya nazi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwani mayai yake hunata ukingoni mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi. Pipa lisuguliwe ndani kila wiki, kisha lifunikwe. Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza kufunika vyombo na kufunga milango wakati wa usiku, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Agizo hilo halimgharimu mtu hata shilingi.

Mbu wa chooni naye ana dawa isiyo sumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mashimo ya vyoo yenye maji yalimwagiwa chembe za povu jepesi, mfano wa lile linalozuia televisheni isivunjike ndani ya boksi. Chembe zile zilielea na kutanda juu ya maji, viluwiluwi wakakosa pumzi, na mbu wakakosa pa kutagia. Pamoja na dawa za matende walizomeza wananchi, mbu na maambukizi vilipungua sana. Sisi walau tuzibe nyufa za mfuniko wa shimo, na bomba la kutolea hewa tulifunge wavu.

Panya hupita katika upenyo ambao hatuudhanii. Tuzibe nafasi chini ya mlango na pembeni mwa mabomba, unga na mchele tuviweke katika vyombo vyenye mifuniko, na tutege mitego badala ya kusambaza sumu ambayo paka wa jirani atakufa nayo. Ama siafu, wapo wanaowamwagia petroli na kuwawasha. Mtume (s.a.w.) alikataza kuadhibu viumbe kwa moto, na nyumba iliyojengwa kwa miaka tisa huweza kuteketea kwa saa moja.

Ikibidi kununua dawa, tununue iliyo katika chombo chake halisi, yenye maelezo yanayosomeka na iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa za shambani zisiletwe chumbani. Tusihamishie sumu katika chupa ya soda wala ya maji hata kwa siku moja, kwa sababu mtoto hasomi. Yeye huijua chupa kwa umbo lake. Mtoto akinywa sumu, asitapishwe, wala muda usipotezwe kwa kumtafutia maziwa. Akimbizwe hospitali, na chupa ichukuliwe ili daktari ajue anapambana na nini.

Chupa ile ya Chamazi tuliiandika neno SUMU kwa wino mwekundu, ikafungiwa stoo kwa kufuli, na funguo akakabidhiwa babu. Mama alikubali kwamba mchwa wakila mlango, mlango mwingine utanunuliwa. Kabla hujalala leo, ndugu msomaji, inama utazame uvunguni mwa vitanda vyako. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.