Tuandike majina ya nyimbo zetu wakati wanaozijua bado wapo

UVIRA, Kivu ya Kusini. Juma lililopita mama mmoja aliyehama kutoka milima iliyo juu ya mji wetu alifika kwangu na flashi iliyofungwa ndani ya kipande cha kitenge. Alikuwa na ombi moja tu: nimtafutie wimbo ambao marehemu mume wake ndiye anayeuanzisha. Kwaya ya kijiji chao ilirekodi CD moja. CD yenyewe ilibaki nyumbani siku walipotoroka risasi, lakini kabla ya hapo kijana wake alikuwa ameinakili kwenye kompyuta ya kibanda kimoja, na kutoka hapo ikaingia kwenye flashi pamoja na nyimbo nyingine nyingi.

Nilipofungua flashi nilikuta faili 412. Zaidi ya nusu zilikuwa na majina ya aina moja: Piste 01, Piste 02, Piste 03. Mahali pa jina la mwimbaji paliandikwa Artiste inconnu, maana yake mwimbaji hajulikani. Tuliketi tangu saa tatu asubuhi tukisikiliza mwanzo wa kila wimbo. Kila mara mama alitikisa kichwa, nami nikapita kwenye wimbo unaofuata. Karibu saa nane mchana tukafika kwenye Piste 07 ya nne, kwa sababu zilikuwemo nyingi zenye jina hilo. Sauti ya mwanaume ikaanza peke yake. Mama hakusema kitu. Alishika tu mkono wa binti yake.

Binti huyo ana miaka 14. Aliniambia kwamba wimbo ule ameusikia mara nyingi kwenye telefoni ya kaka yake. Hakujua kwamba anayeuanzisha ni baba yake.

Wapenzi wasikilizaji na wasomaji, ndiyo sababu leo naandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: namna tunavyopanga nyimbo za CD zetu ndani ya kompyuta. Mawazo yangu ni haya. Kunakili CD hakutoshi. Wimbo ulionakiliwa bila jina umehifadhiwa nusu tu, na nusu iliyobaki imo katika kichwa cha mtu. Mtu huyo akihama, akisahau au akifariki, nusu hiyo inaondoka naye.

Sisemi haya nikijiona mjuzi. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi hapa Uvira, kartoni yangu ya CD ilikuwa chini ya kitanda. Nyingi ziliharibika na matope. Nilijifariji kwamba nilikuwa nimezinakili kwenye kompyuta miaka miwili kabla. Lakini nilikuwa nimezinakili kwa haraka, bila kuandika kitu, nikijiambia kwamba majina yapo kwenye maganda ya CD, nitayaandika baadaye. Maganda ndiyo yaliyoenda na maji kwanza. Hadi leo nina nyimbo ambazo najua kuziimba zote, lakini sijui ni za kundi gani.

Watu wengi wanadhani kompyuta inajua yenyewe jina la wimbo. Haijui. CD ya muziki ya kawaida huwa na sauti peke yake, pamoja na urefu wa kila wimbo. Mara nyingi majina hayamo. Ukiweka CD ya Franco na majina yakajitokeza, ni kwa sababu kompyuta imeuliza kwenye intaneti, na mtu fulani mahali fulani alikwisha kuyaandika kwa mkono wake. CD ya kwaya ya kijiji cha Fizi au ya uwanda wa Ruzizi hakuna aliyeiandika. Ndiyo maana kompyuta inakupa Piste 01. Kama sisi wenyewe hatukuandika, hakuna mwingine atakayetuandikia.

Kuna mfano mzuri katika historia ya nchi yetu. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi kijana mpiga gita katika mji wa Jadotville, Katanga. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, na mmoja wa nyimbo zake, "Masanga", umesikilizwa na wapiga gita wa dunia nzima. Wapiga gita wazuri walikuwa wengi siku zile. Lakini huyu aliandikiwa jina lake, mahali na mwaka, ndiyo maana leo tunaweza kusema wimbo ule ni wa nani na ulitoka wapi.

Mfano huo una fundisho la pili. Jadotville leo ni Likasi. Na Mwenda mwenyewe utamkuta ameandikwa Jean Bosco Mwenda, au Mwenda wa Bayeke, au Bosco tu. Mtu asiyekuwa na utaratibu atakuwa na dosie nne za mtu mmoja. Ni vilevile kwa Franco: mara OK Jazz, mara TP OK Jazz, mara Franco peke yake. Tabu Ley naye ni Rochereau. Na kwa kwaya zetu ni mbaya zaidi: niliona kwenye kompyuta moja dosie tatu, Chorale, Kwaya na Choir, na ndani yake ni kundi lilelile moja.

Basi tufanye nini? Nitasema njia ninayoifuata mimi. Haihitaji pesa nyingi wala masomo makubwa.

Kwanza, chagua jina moja kwa kila kundi na usilibadilishe. Fungua dosie moja ya kundi. Ndani yake fungua dosie ya kila CD, ukianza na mwaka kisha jina la CD, ili zijipange zenyewe kutoka ya zamani hadi ya sasa. Kama mwaka huujui hakika, andika "karibu 2009". Usiuzue.

Pili, kila wimbo uanze na namba yake ya tarakimu mbili: 01, 02, 03, kisha jina. Ukiandika 1, 2, 3 bila sifuri, redio nyingi za gari na telefoni ndogo zitaimba wa 1, kisha wa 10, kisha wa 11, ndipo wa 2. Epuka alama kama nukta mbili, mkwaju na alama ya kuuliza, kwa sababu kompyuta nyingi haizikubali katika jina la faili.

Tatu, na hapa wengi wanakosea, kubadilisha jina la faili peke yake hakutoshi. Faili ya MP3 ina sehemu ya ndani inayobeba jina la wimbo, mwimbaji, albamu, mwaka na maelezo. Telefoni nyingi husoma hiyo ya ndani. Unaweza kuandika vizuri kwa nje, na telefoni ikaendelea kuonyesha Artiste inconnu. Programu ya Mp3tag, ambayo kwenye Windows ni ya bure, hufanya kazi hiyo, hata kwa nyimbo 20 kwa pamoja. Sehemu ya maelezo ndiyo naipenda zaidi. Hapo naandika kijiji, nani anaanzisha, nani anapiga gita, na ni nani aliyenipa CD. Kama jina la mahali limebadilika, naandika yote mawili.

Nne, usinakili kwa namna mbovu ili kuokoa nafasi. CD ya dakika 60 inachukua megabaiti zaidi ya 600 ikiwa sauti haijapunguzwa. Ikigeuzwa MP3 ya kilobiti 192 inakuwa megabaiti 90 hivi, na sikio la kawaida halisikii tofauti kubwa. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba CD zaidi ya 300 za namna hiyo. Lakini kwa CD ambayo hakuna nyingine duniani, kama ile ya kwaya ya huyu mama, mimi nanakili kwa FLAC, ambayo inapunguza ukubwa bila kutupa kitu chochote cha sauti. MP3 ikishatupa kitu, hakirudi.

Na wale ambao bado wana CD zao, msichelewe. CD zilizochomwa kwenye kompyuta zinaharibika upesi zaidi kuliko za kiwandani, hasa zikikaa kwenye jua na joto. Wengi wanalinda upande unaong'aa na kulaza ule wa juu kwenye meza. Ukweli ni kwamba kile kinachobeba muziki kipo karibu kabisa na upande wa juu, wenye maandishi. Ukiukwaruza huo, au ukiandika juu yake kwa biki yenye ncha kali, wimbo umeenda.

Najua nitakavyojibiwa. Mzee mmoja hapa mtaani aliniambia: "Mwanangu, watu wamelala chini ya hema, hawana unga, wewe unawaambia habari ya kupanga CD?" Nilimheshimu, kwa sababu ana haki ya kuuliza. Sisemi nyimbo zipite chakula. Nasema tu kwamba nimezungukia familia nyingi zilizohama, na kila nilipouliza walibeba nini, baada ya watoto, nguo na sufuria, walitaja picha, vyeti, na kadi ya memori ya telefoni. Hawakuambiwa na mtu waibebe. Wameibeba kwa sababu ndani yake kuna arusi yao, maombolezo yao, kwaya yao. Kama wameikimbiza katika hatari yote ile, basi tuwasaidie isiwe mzigo wa sauti zisizojulikana.

Wengine watasema hii ni kazi ya vijana wa vibanda wanaotia nyimbo kwenye telefoni. Nawaheshimu vijana hao. Bila wao nyimbo nyingi zingekuwa zimekwisha kupotea. Lakini kijana wa kibanda ana wateja kumi wanaomngoja, na kijiji chenu hakijui. Anayejua majina ni mama, ni mzee wa kwaya, ni babu aliyepiga ngoma. Nami naomba vijana hao jambo moja: mtu akileta CD ya kwao, muulizeni maswali matatu kabla ya kubonyeza kitufe. Ni kundi gani? Ni wapi? Ni mwaka gani? Haipiti dakika mbili. Na kunakili CD yako uitunze ni tofauti na kuuza kazi ya mwimbaji aliye hai bila yeye kupata franga moja. Hilo la pili siliungi mkono.

Neno la tahadhari pia. Familia zinazopita kwenye barierre zinajua kwamba telefoni zinaweza kukaguliwa. Majina ya watu na ya vijiji msiyaweke kwenye telefoni ya safari kama mnaona yanaweza kuwaletea shida. Yaandikeni kwenye daftari, au yabaki kwenye nakala iliyo mahali salama. Na nakala moja si nakala. Moja ikae kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi, ya tatu kwa ndugu aliye mahali pengine, awe Kalemie, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Maji yakija hapa, hayatafika kote huko kwa siku moja.

Ombi langu kwa wazazi ni hili: jioni moja kwa juma, zimeni kelele nyingine, wekeni nyimbo za kwenu, mtoto mmoja ashike kalamu. Kila wimbo, mkubwa aseme anachojua. Kama hamna kompyuta, daftari linatosha kwa kuanza, bora namba za daftari zifuate namba za CD. Siku kompyuta itakapopatikana, kuandika ni kazi ya saa moja. Kukumbuka ndiyo kazi inayoweza kukosa mtu.

Yule mama hakuondoka baada ya kuupata wimbo wa mume wake. Alivuta kiti karibu, akaniambia twendelee. Binti yake ndiye aliyeandika. Tulitafuta nyimbo zote za CD ile, moja baada ya nyingine, tukazitia kwenye dosie moja yenye jina la kwaya na la kijiji. Zilikuwa 12. Za 11 mama alizijua, pamoja na waliozianzisha, na wawili kati yao ni marehemu sasa. Wa mwisho hakuukumbuka jina. Alijua tu kwamba waliuimba siku ya Pasaka. Binti akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike hivyo hivyo: "12 - Jina halijulikani, uliimbwa Pasaka." Huenda kuna mtu wa kijiji kile anayesoma hapa, na yeye anajua.