Goli Linalochelewa Kufika Mzinga

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Siku ya dabi ya Kariakoo, kijana wa kata ya Mzinga, Morogoro, anayetazama mpira kwa simu hujua goli limeingia kabla hajaliona. Kelele hulipuka kwenye kibanda umiza cha jirani, chenye dishi linalotazama magharibi. Kwenye kioo cha simu yake mpira bado uko katikati ya uwanja. Picha ya intaneti hukatwa vipande na kukusanywa upya njiani, ikachelewa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika.

Hilo anaweza kulivumilia. Kinachomshinda ni bando.

Video ya ubora wa kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, na ya HD hufika GB 3. Nyumba inayowasha TV saa tatu kila jioni itahitaji karibu GB 90 kwa mwezi, tena kwa picha ya kawaida. Mwenye king'amuzi hulipia mwezi mara moja. TV ikishinda imewaka tangu alfajiri, hakuna kinachopungua. Setilaiti hurusha mawimbi yaleyale kwa nchi nzima, ilhali mnara wa simu humpelekea kila mtazamaji nakala yake. Wakizidi, wanagombania njia moja, na kiduara kinaanza kuzunguka.

Milima ya Uluguru nayo ina neno lake. Vilele vyenye zaidi ya mita 2,600 huyakinga mawimbi ya ardhini yasifike mabondeni, lakini dishi linatazama angani. Mvua kubwa ya masika hulikatia picha, kweli, ila ikipungua picha hurudi.

Je, intaneti imeshindwa? Hapana. Azam Media, iliyosaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kurusha Ligi Kuu kwa Sh bilioni 225.6, inauza madishi na papo hapo ina programu ya simu ya AzamTV Max. Mpira ni uleule na mwenye haki ni yuleyule. Kinachomrudisha mwananchi kwenye dishi ni namna anavyotozwa.

Hapo ndipo Mamlaka inapohusika. Agosti 2018, chaneli za ndani kama ITV ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam na DStv kwa hoja ya leseni, na sebule nyingi zikabadilika kwa usiku mmoja. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi vya simu zilisitishwa baada ya wananchi kulalamika. Nguvu hiyohiyo ya Mamlaka ielekezwe kwenye bando la televisheni la mwezi, lenye bei inayokaribiana na ya king'amuzi na lisiloisha katikati ya mechi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao usukumwe kuyafikia mabonde yaliyojificha nyuma ya Uluguru.

Kasi ya intaneti ipimwe kata kwa kata na matokeo yabandikwe ofisi za kata. Vipimo vianzie Mzinga, jioni ya dabi, wakati simu zote zimewashwa.