Usitupe Mbachao: Hoja ya Kuitetea Mizabibu ya Asili ya Italia

Katika kisiwa cha Pantelleria, kati ya Sicily na Tunisia, kuna zabibu inayoitwa Zibibbo. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua jina hilo. Limetokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno zabibu. Kisiwa hicho hupigwa na upepo mkali na hupata mvua haba. Mkulima wa huko huchimba kishimo, huupanda mzabibu ndani yake, kisha huupogoa ukabaki mfupi kama kichaka. Kishimo huukinga na upepo na kuutunzia unyevu. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ujuzi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Nilipoutaja mfano huu katika mdahalo wa darasani hapa Uganda, mwenzangu mmoja alicheka. Alisema hizo ni hadithi za wazee, na kwamba joto la karne hii litashindwa kwa maabara, si kwa vishimo. Wengi walimpigia makofi. Makala hii ni jibu langu kwake na kwa waliopiga makofi. Ninadai kwamba hazina kubwa ambayo Italia inayo dhidi ya mabadiliko ya tabianchi ni aina zake nyingi za mizabibu ya asili, na kwamba kuziacha zipotee huku nguvu zote zikitumika kuokoa aina chache maarufu ni kosa la kisayansi na la kiuchumi kabla ya kuwa kosa la kitamaduni.

Tusipoteze muda kubishana kama joto lipo. Tarehe 11 Agosti 2021, huko Floridia karibu na Siracusa, kipimajoto kilifika nyuzi 48.8 za Selsiasi, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekwisha kuthibitisha kuwa hicho ndicho kiwango cha juu kabisa kuwahi kurekodiwa katika bara la Ulaya. Mwaka 2017 jalidi ya Aprili iliunguza machipukizi, kisha ukame wa kiangazi ukamalizia kazi. Mwaka 2023 adui alikuja na sura nyingine: mvua nyingi zilileta ugonjwa wa ukungu uitwao peronospora katika mikoa ya kati na kusini, na mavuno ya nchi nzima yakashuka kwa takribani asilimia 23 hadi hektolita milioni 38 hivi. Hayo yalikuwa mavuno madogo kuliko yote kwa zaidi ya miaka 70. Jalidi, ukame, mvua: maadui watatu ndani ya miaka saba. Anayepanda aina moja hujiandaa kwa adui mmoja.

Sasa tutazame joto hufanya nini ndani ya tunda. Zabibu inapoiva, sukari hupanda na asidi hushuka. Joto likizidi, sukari hukimbia mbele na asidi hukauka upesi, ilhali ladha, harufu na ganda havijakomaa. Divai inayopatikana huwa na kileo kingi na uchangamfu kidogo. Aina zinazoiva mapema, kama Chardonnay na Merlot, huikuta Agosti yenyewe, wakati jua liko kwenye ukali wake. Aina zinazochelewa humalizia kuiva jua likiwa limepoa. Kwa hiyo swali la kupanda nini haliishii kwenye mapenzi na fahari. Ni swali la kalenda.

Chardonnay na Merlot zilifikaje huko? Zilifika kwa sababu nzuri, na siwalaumu waliozipanda. Divai ya Sassicaia, iliyotengenezwa kwa Cabernet huko Bolgheri na kuanza kuuzwa na mavuno ya 1968, iliionyesha dunia kwamba Toscana inaweza kushindana na Bordeaux. Baada yake wengi walifuata njia hiyo hiyo hadi Sicily. Lakini tazama walipofika: kampuni moja maarufu ya Sicily imekuwa ikivuna Chardonnay yake usiku tangu mwaka 1998, kwa sababu mchana wa Agosti ni moto mno kwa tunda hilo. Ninaiheshimu bidii hiyo. Hata hivyo, mmea unaotulazimisha kufanya kazi gizani ili tuukimbie mchana wake unatuambia jambo, na tunapaswa kulisikia.

Jambo hilo hilo wamelisikia Bordeaux, nyumbani kwa Cabernet na Merlot. Mwaka 2021 mamlaka za Ufaransa ziliidhinisha aina sita mpya kwa divai za kawaida za eneo hilo, miongoni mwake Touriga Nacional ya Ureno, ingawa kwa masharti: zisizidi asilimia 5 ya shamba wala asilimia 10 ya mchanganyiko. Mwenye Merlot anatafuta kitu cha kuisaidia Merlot. Je, aliyeiazima ndiye aendelee kuing'ang'ania?

Mwenzangu alitaka sayansi, basi na tuisome. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la PNAS ulichunguza aina 11 za zabibu duniani. Ulikadiria kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 2 zaidi, asilimia 56 ya maeneo yanayofaa sasa kwa kilimo hicho yangepotea. Lakini wakulima wakibadilisha aina wanazopanda, hasara ingeshuka hadi asilimia 24. Joto likifika nyuzi 4, hasara ni asilimia 85, na hata kwa kubadilisha aina inabaki asilimia 58. Haya yana maana mbili. Kwanza, hakuna mzabibu utakaotuondolea wajibu wa kupunguza gesi joto. Pili, ndani ya kiwango ambacho bado tunaweza kukipigania, kubadilisha aina huokoa zaidi ya nusu ya kile ambacho kingepotea. Na hapo wamehesabu aina 11 tu. Italia ina zaidi ya 500 katika rejista yake ya taifa. Sidai kwamba kila moja ni dawa. Ninadai kwamba mtu mwenye ghala kama hilo hapaswi kuulizia dukani kabla hajafungua mlango wake mwenyewe.

Ndani ya ghala hilo kuna Aglianico ya Campania na Basilicata, ambayo huko Taurasi huvunwa mwishoni mwa Oktoba na hata Novemba, bado ikiwa na asidi yake. Kuna Carricante na Nerello Mascalese, ambazo kwa vizazi vingi zimepandwa kwenye miteremko ya mlima Etna. Kuna pia Timorasso ya Piemonte, ambayo kisa chake ndicho kinachonipa hofu. Zabibu hiyo nyeupe ilikuwa karibu kutoweka kwenye vilima vya Tortona, kwa kuwa ilikuwa na usumbufu shambani na wakulima walipendelea aina zenye mazao ya uhakika. Mkulima Walter Massa aliishikilia katika miaka ya 1980, akaitengenezea divai, na leo majirani zake wameifuata na wanunuzi wanaitafuta. Ilikosa kidogo tu kupotea. Laiti mtu mmoja angekata tamaa, leo tusingekuwa na la kujadili. Ni aina ngapi hazikumpata Massa wao?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba soko linaijua Chardonnay, halijui majina haya magumu. Lakini soko halikuijua Timorasso pia. Soko hufundishwa, na waliolifundisha Sassicaia ni Waitaliano wenyewe.

La pili ni zito zaidi: aina za asili nazo zinaumia. Ni kweli. Sangiovese ya Toscana huiva mapema kuliko zamani na kileo chake kimepanda. Nebbiolo huchipua mapema, kwa hiyo jalidi huipata. Lakini hoja yangu haikuwa kwamba kila cha asili kina kinga. Hoja yangu ni wingi. Ndiyo maana siwapongezi hata wanaofunika vilima vizima kwa Glera, zabibu ya Prosecco. Glera ni ya huko huko, ila bahari ya aina moja ni hatari ile ile iliyovaa nguo za nyumbani.

La tatu ni maabara. Mwaka 2024 huko Valpolicella ulipandwa kwa majaribio mzabibu wa kwanza nchini humo uliohaririwa jeni ili uvumilie peronospora. Miezi michache baadaye wahalifu waliingia shambani wakaung'oa. Nalaani kitendo kile bila kusita, kwa sababu jaribio hujibiwa kwa hoja. Lakini naomba msomaji atambue ni aina gani iliyochaguliwa: Chardonnay. Wakati huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Milano walikuta ukinzani dhidi ya ugonjwa huo huo katika Mgaloblishvili, zabibu ya kale ya Georgia. Basi maabara na mzabibu wa kale si maadui. Maabara haina cha kusoma kama maktaba imeungua.

Wapo pia watakaonishangilia kwa sababu zisizo zangu. Watanukuu methali kwamba mwacha asili ni mtumwa, kisha waseme kila mgeni afukuzwe. Siwataki upande wangu. Zibibbo yenyewe ilikuja kwa bahari na jina lake ni la wageni. Na tangu mdudu filoksera alipoivamia mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, sehemu kubwa ya mizabibu ya Italia imebebeshwa juu ya mashina yenye asili ya Marekani. Asili ninayoitetea haipimwi kwa damu. Hupimwa kwa miaka ambayo mmea na watu wa mahali wamefundishana kuishi.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Sheria za DOC, zilizoasisiwa mwaka 1963 kulinda divai za kila eneo, zifunguliwe ili aina za asili zilizosahaulika ziruhusiwe kwenye mchanganyiko, hata kwa asilimia ndogo kama walivyoanza Bordeaux. Mkulima anayezipanda alipwe fidia ya miaka ya kungoja, kwa maana mzabibu hauzai kikamilifu kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Na pesa za kung'oa mizabibu zisitolewe kabla ya kuorodheshwa kilichomo shambani. Mageuzi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 yaliwalipa wakulima kung'oa hadi hekta 175,000. Malipo yale yalihesabu hekta. Hayakuhesabu majina.

Mzabibu unaopandwa leo utakuwa bado shambani mwaka 2060. Anayechagua tawi la kupanda mwaka huu anawachagulia watu ambao hawajazaliwa, tena kwa hali ya hewa ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mwenzangu aliyecheka bado yuko darasani kwetu. Namwomba anijibu swali moja tu: ukikosea kuhusu ile aina moja uliyoichagua, utarudi kuchukua nini, na utakikuta wapi?